Kutoka Jukwaani hadi Cherehani: Mwongozo kwa Mwanamuziki Anayehamia Biashara ya Mavazi

Mwanamuziki wa Tanzania anayeamua kuacha muziki ili aingie katika biashara ya mavazi huanza, mara nyingi, kwa kutafuta fundi na kuzunguka Kariakoo akichagua vitambaa. Mimi ningemsihi aanze na mikataba yake. Huenda mkataba aliousaini na meneja au kampuni ya kurekodi, pengine akiwa bado kijana asiye na mshauri, unampa mtu mwingine haki ya kutumia jina lake la jukwaani katika fulana na kofia, au unamkatia meneja asilimia ya kila mapato yanayotokana na jina hilo, hata yasiyohusu muziki. Mpe mwanasheria ausome wote kabla hujachapisha jina lako kwenye nguo hata moja.

Ikithibitika kwamba jina ni lako, lilinde. Wengi hudhani kwamba kusajili jina la biashara BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kunatosha, ilhali usajili huo haukupi haki sawa na ile ya alama ya biashara, ambayo huombwa peke yake na kwa madaraja, yaani makundi ya bidhaa na huduma. Nguo, viatu na kofia vimo katika daraja la 25, na burudani katika daraja la 41. Kwa hiyo aliyesajili jina lake kwa ajili ya muziki tu bado hajalisajili kwa ajili ya mavazi. Kwa Tanzania Bara usajili wa alama hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Zanzibar ina ofisi yake, BPRA, nako ni lazima uombe upya. Namba ya mlipakodi kutoka TRA na leseni ya biashara kutoka halmashauri hazina utata mkubwa ukiwa na nyaraka zako.

Usizitelekeze nyimbo zako. Hakikisha zimesajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa majina sahihi ya watunzi, kwa sababu mirabaha, yaani malipo ya matumizi ya nyimbo, hata ikiwa midogo, ni mtaji usiodaiwa na benki.

Baada ya hapo ndipo uende kwa fundi, lakini uende kujifunza. Kozi fupi ya ushonaji katika chuo cha ufundi cha VETA, au miezi kadhaa ya kukaa karibu na cherehani ya fundi mzoefu, itakufundisha mambo ambayo umaarufu hauwezi kuyafidia: kwamba kitambaa cha pamba kisipolowekwa na kukaushwa kabla ya kukatwa, gauni hupungua mteja anapolifua mara ya kwanza, kwamba kitenge chenye maua makubwa hula yadi nyingi zaidi kwa sababu maua lazima yakutane kwenye mshono, na kwamba gauni lisilopigwa ovaloki, ule mshono wa kuzuia kingo zisichomoke nyuzi, huanza kufumuka ndani huku nje likionekana zuri. Mashabiki watanunua toleo la kwanza kwa ajili ya sauti yako. Toleo la pili watalinunua kwa ajili ya mshono.

Katika hesabu ya bei ndipo ninapoona wasanii wengi wakipotea. Tuchukue mfano wa gauni linalokula yadi 3 za kitambaa kwa shilingi 5,000 kila yadi: hiyo ni 15,000. Ongeza ufundi 12,000, zipu, uzi na bitana 4,000, lebo na mfuko 2,000, usafiri 2,000. Jumla ni 35,000. Mwenye kuliuza kwa 40,000 hudhani amepata faida ya 5,000, ilhali hajalipa pango wala umeme, hajajilipa mwenyewe, na hajafidia magauni yatakayorudi kwa kasoro. Na kila gauni unalomvisha msanii mwenzako bure liandikwe kama gharama ya matangazo, kwa maana fundi ameshalilipia jasho.

Anza na vazi la aina moja, katika saizi chache. Victoria Beckham, aliyefahamika duniani kupitia kundi la Spice Girls, alianza na magauni mwaka 2008, na pamoja na jina lile kubwa kampuni yake ilipata hasara kwa miaka mingi. Rihanna naye alifungua nyumba ya mitindo ya Fenty na LVMH, kampuni ya Ufaransa ya bidhaa za kifahari, mwaka 2019, na ilipofika 2021 ikasitishwa, ingawa biashara yake ya nguo za ndani iliendelea.

Kwa hapa kwetu, oda za sare za harusi na nguo za Idd ndizo zinazoweza kuilisha karakana changa, mradi uchukue nusu ya malipo kabla ya kukata kitambaa, uandike vipimo vya kila mteja katika daftari, na ufunge kupokea oda wiki mbili kabla ya sikukuu, hata anayeomba akiwa rafiki yako wa studio.