Jinsi ya kuomba mtihani wa cheti cha VMware ukiwa Tanga

Waja leo waondoka leo, ndivyo tunavyotaniwa watu wa Tanga, na mimi niliwahi kwenda Dar nikarudi siku hiyohiyo bila kukikalia kiti cha mtihani. Nilikuwa nimesoma miezi minne, nimelipa dola 250, nimepanda basi la alfajiri pale Kange. Nilipofika mezani kwa msimamizi nikatoa pasipoti. Akaitazama, akatazama kompyuta yake, akauliza: "Wewe ni Mohd au Mohamedi?" Pasipoti inasema Mohamedi. Akaunti niliyoifungua usiku, macho mazito, inasema Mohd, kama ninavyoandika kwenye daftari la mahudhurio tangu shule ya msingi. Sikuingia. Ada nayo ikaenda na maji.

Ndiyo maana mwongozo huu utakaa sana kwenye mambo ambayo vitabu vya mtihani havigusi.

Kwanza, ujue unaomba nini

Ukitunza seva za ofisi, iwe hospitali, bandari, chuo au kiwanda, huenda tayari unaendesha mashine pepe. Mgeni wa mambo haya afikirie nyumba ya Kiswahili ya Ngamiani: paa moja, ukumbi mmoja katikati, vyumba sita, kila mpangaji na kufuli lake, lakini uani, bomba na mita ya umeme ni vya wote. Seva ndiyo nyumba, mashine pepe ndio wapangaji, na programu inayogawa vyumba na kusuluhisha ugomvi wa maji inaitwa haipavaiza. Ya kampuni ya VMware inaitwa ESXi. Nyumba zikiwa nyingi, anayezisimamia zote kutoka sehemu moja ni vCenter. Viwili hivyo kwa pamoja ndiyo vSphere.

Cheti ambacho matangazo ya kazi yamekitaja kwa miaka mingi ni VCP-DCV, kifupi cha VMware Certified Professional – Data Center Virtualization. Kwa toleo la vSphere 8, mtihani wake ulipewa namba 2V0-21.23: maswali 70, dakika 135, na kufaulu ni alama 300 kwenye kipimo cha 100 hadi 500. Lakini Novemba 2023 kampuni ya Broadcom iliinunua VMware, na tangu hapo majina yamekuwa yakibadilika. Baadaye vilikuja vyeti vinavyoitwa VCP-VCF na VCP-VVF, kwa majina ya vifurushi vya VMware Cloud Foundation na vSphere Foundation. Kwa hiyo mtu akikwambia "fanya VCP", mwulize ipi. Fungua ukurasa wa vyeti wa Broadcom, iandike namba ya mtihani kwenye karatasi, na pakua mwongozo wa mtihani huo wenye namba hiyohiyo. Wapo waliosomea toleo la 7 kwa kitabu cha kuazima, nalo toleo hilo muda wake wa msaada wa kawaida uliisha Oktoba 2, 2025.

Habari njema ni moja. Zamani hukuweza kupata VCP bila kuhudhuria kozi rasmi, na bei ya kozi ilikuwa mara nyingi ya bei ya mtihani. Baada ya Broadcom kuingia, sharti hilo liliondolewa. Unaweza kusoma mwenyewe nyumbani Chumbageni ukaenda kufanya.

Jina, jina, jina

Kabla ya akaunti yoyote, weka kitambulisho utakachokwenda nacho mezani, ukisome herufi kwa herufi. Sisi wa pwani tuna balaa la tahajia. Mtu mmoja ni Hamisi kwenye cheti cha kuzaliwa, Khamis kwenye cheti cha kidato cha nne, na Hamis benki. Athumani na Athuman, Mwanaidi na Mwanaid, Mohamedi na ndugu zake wote. Kwa mwalimu wa madrasa hao ni mtu mmoja. Kwa kompyuta ya mtihani ni watu watatu.

Ninapendekeza pasipoti. Ina picha, ina saini, na jina la kwanza limetenganishwa na jina la ukoo, jambo ambalo fomu za Pearson VUE, kampuni inayoendesha mitihani hii, zinalitaka. Kitambulisho cha NIDA nacho ni cha serikali na kina picha, ila vile vilivyotolewa mwanzoni havikuwa na saini, na msimamizi akitaka saini utakuwa mashakani. Kama huna pasipoti, ombi lake linajazwa kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji, unapata namba ya malipo, halafu unapeleka viambatisho ofisini kwao. Anza na hilo kabla hujapanga tarehe ya mtihani.

Hati ya kiapo kwamba Mohd ndiye Mohamedi, uliyogongewa muhuri na wakili, isikupe matumaini. Nilikuwa nayo kwenye simu. Msimamizi alinisikiliza kwa adabu zote, akasema pole.

Kufungua akaunti

Anza na akaunti ya Broadcom, kisha ufuate kiungo cha mitihani hadi Pearson VUE, ambako utafungua wasifu wa mtahiniwa. Tumia barua pepe yako binafsi. Ya ofisi utaiacha siku utakapoacha kazi, na cheti kitabaki kimefungwa humo. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Ukiona umekosea, usijaribu kufungua akaunti ya pili, maana utakuwa na mbili zinazogombana. Waandikie huduma kwa wateja wakurekebishie, na usipange tarehe mpaka uone jina limebadilika kwa macho yako.

Malipo ni kwa kadi ya Visa au Mastercard inayokubali manunuzi ya nje. Kadi nyingi za benki huja zikiwa zimefungiwa huduma hiyo, kwa hiyo pita kaunta waifungue. Baadhi ya huduma za pesa za simu nazo hutoa kadi ya mtandaoni. Weka ziada kidogo juu ya dola 250, maana viwango vya kubadilishia fedha havisubiri mtu.

Kama ofisi ndiyo italipa

Mwajiriwa wa halmashauri au taasisi ya umma aandike barua kwa mkurugenzi kupitia kwa mkuu wa kitengo cha TEHAMA, na aiandike mapema: mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na kitu ambacho hakikuingia kwenye bajeti utakisubiri. Taja jina la mtihani, namba yake, ada kwa dola, nauli na malazi ya usiku mmoja. Kisha eleza kwa sentensi mbili ofisi itapata nini. Usiandike "kujiendeleza kitaaluma". Andika kwamba mfumo wa malipo wa ofisi uko kwenye seva mbili na kwamba ikifa moja, leo hakuna mwenye uhakika kama ya pili itaubeba.

Maabara

Hapa ndipo muda wako uende. vCenter iliyo ndogo kuliko zote kwenye toleo la 8 inataka memori ya GB 14, na kila ESXi inataka isiyopungua GB 8. Kompyuta ya GB 32 itahema lakini itafika, kwa kutumia VMware Workstation Pro ambayo tangu Novemba 2024 ni bure kwa kila mtu. Kama huna mashine ya namna hiyo, ziko maabara za mtandaoni za VMware zinazoitwa Hands-on Labs. Unafungua kwa kivinjari tu, na zimenisaidia kuliko video zote nilizotazama. ESXi ya bure iliyorudishwa Aprili 2025 ni nzuri kwa kuanzia, ila haiunganishwi na vCenter, na nusu ya mtihani ni vCenter.

Unapofanya mazoezi, fanya kama mtu anayetunza seva za watu. Maswali mengi yanakueleza tatizo la ofisi fulani, kisha yanauliza ungefanya nini, na anayefuata desturi njema za kazi huyajibu bila kukariri.

Ukisimika vCenter, anza na DNS, yaani daftari la mtandao linalolinganisha majina ya mashine na anwani zake. Jina lilete anwani, na anwani ilete jina. Likikosekana moja, usimikaji utakwama njiani na ujumbe wa kosa hautakwambia ukweli. Saa za mashine zote zichukuliwe sehemu moja kwa NTP, huduma ya kuoanisha saa kupitia mtandao.

Snapshoti, yaani hali ya mashine pepe iliyohifadhiwa ili uweze kuirudia, si nakala rudufu. Ilinifunza adabu hiyo snapshoti moja niliyoipiga kabla ya Ramadhani, katika ofisi nisiyoitaja, nikaisahau. Ilikuwa ikinenepa kimyakimya. Siku ya pili ya Idi diski ya pamoja ikajaa na mashine pepe zikasimama, nami niko Pangani na wajomba, simu inalia. VMware wenyewe wanasema snapshoti isizidi saa 72. Mimi siku hizi nikipiga moja, naandika kwenye kiganja.

Usigawe prosesa kama pilau ya harusi. Mashine inayotosheka na mbili ukiipa nane, inakuwa kama kundi la watu wanane wanaotaka kupanda daladala moja kwa pamoja: wenye wawiliwawili wanaondoka, wao bado wako kituoni. Wasimamizi wengi huongeza prosesa mfumo ukiwa mzito, na ndiyo kwanza unazidi kuwa mzito.

HA (High Availability) ieleweke vizuri, maana mtihani unaipenda. Seva ikifa, HA huziwasha upya mashine zake kwenye seva nyingine. Watumiaji wataona mfumo umekatika kwa muda. Asiyetaka hata kukatika huko ndiye anayehitaji Fault Tolerance, ambayo huendesha pacha wa mashine hiyo kwenye seva ya pili muda wote. Na HA haitengenezi nafasi isiyokuwepo. Seva mbili zikiwa zimejaa asilimia 80 kila moja, moja ikianguka nyingine haitawapokea wakimbizi wote. Ndiyo kazi ya kile kipengele cha kuhifadhi akiba ya klasta (kundi la seva zinazofanya kazi pamoja), ambacho watu hukizima kwa sababu kinawakatalia kuwasha mashine mpya.

Nakala za data ziwe tatu ukihesabu na ile unayoitumia, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae nje ya jengo. Kwa sisi tulio karibu na bahari ningeongeza kwamba hiyo ya nje isiwe diski kwenye droo ya mtu Raskazone. Chumvi ya hewa inakula viunganishi vya shaba kama mchwa. Tena kila msimamizi aingie kwa jina lake. Ofisi nzima ikitumia akaunti kuu ya administrator@vsphere.local, siku mashine ikifutwa hakuna aliyefanya.

Kuna mafaili ya "maswali halisi" yanayouzwa kwenye makundi ya WhatsApp. Yaache. Majibu mengi humo ni ya uongo, na ukibainika cheti kinafutwa.

Kupanga siku na saa

Utapewa njia mbili: kituo cha mtihani, au nyumbani kwa kusimamiwa kupitia kamera. Tafuta vituo kwa jina la mji. Mimi vyangu vyote viwili nilivipata Dar. Safari ni kilomita 350 hivi, kwa hiyo nenda siku moja kabla ukalale.

Saa zinaandikwa kizungu, na hapa wameumia watu wazima. 09:00 AM ni saa tatu asubuhi. 02:00 PM ni saa nane mchana. Rafiki yangu aliona 03:00 PM akaenda kujiandaa kwa saa tatu ya asubuhi, akawahi kwa saa sita. Ana bahati kosa lake liliangukia upande wa heri. Barua pepe ya uthibitisho inasema pia mwisho wa kuahirisha bila kupoteza ada. Isome siku hiyohiyo.

Anayechagua nyumbani afanye kwanza jaribio la mfumo, kwa kompyuta ileile, mtandao uleule, na ikiwezekana saa ileile. Kompyuta ya ofisi yenye ulinzi mkali mara nyingi hukataa. Meza iwe tupu kabisa: hakuna daftari, saa ya mkononi wala skrini ya pili. Utapiga picha za chumba pande zote nne, na mlango ufungwe mpaka mwisho. Mtu akiingia, hata mama akikuletea chai, mtihani unaweza kusimamishwa. Waambie wa nyumbani jana yake, kisha uwaambie tena asubuhi. Usisome maswali kwa sauti. Mimi naishi Ngamiani, jirani ana spika ya singeli na msikiti uko nyuma ya nyumba, nikaona heri nauli ya Dar. Umeme nao: betri ya kompyuta ijae, na ruta iwe kwenye UPS, kwa sababu umeme ukikatika kompyuta itabaki inawaka bila mtandao.

Siku yenyewe

Fika au ingia mtandaoni nusu saa kabla. Simu na pochi vinawekwa kabatini. Dakika 135 kwa maswali 70 ni chini ya dakika mbili kwa swali. Linalokukwama liwekee alama, usonge mbele, utalirudia. Swali likisema chagua mawili, hesabu umechagua mawili.

Matokeo utayaona ukimaliza. Ukifaulu, beji ya kidijitali itakuja kwa barua pepe, na kwenye wasifu wako wa kazi uandike jina kamili la cheti pamoja na toleo lake. Ukifeli, unasubiri siku 7 na kulipa ada upya. Ile karatasi ya matokeo inaonyesha sehemu ulizoanguka, basi isome kwenye basi ukiwa bado na hasira. Mimi mara ya kwanza kukaa kitini nilipata 288. Nilipofika Muheza nikanunua machungwa, na kwenye mfuko wake nikaandika: hifadhi, ruhusa za watumiaji, HA tena.