Maji yaliyokwama ngamani: kuyasaka, kuyatoa na kuyafungia njia

Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni sehemu ya chini kabisa ndani yake. Kwa maji yaliyomo chomboni, methali hii ni kanuni ya ujenzi: yaingie kwa mvua, kwa wimbi au kwa bomba lililopasuka, lazima yapate njia ya kushuka hadi ngamani, yakusanyike kwenye banduru, yaani shimo la kukusanyia maji, yafuliwe (yatolewe nje). Yakifika huko hayana matata. Yanayoharibu boti ni yale yaliyokwama njiani: nyuma ya taruma (mbavu za chombo), chini ya sakafu iliyogundishwa, ndani ya mhimili wenye moyo wa mbao (boriti ya faibaglasi yenye mbao ndani), au kwenye povu la kuelea. Hayo pampu haiyafikii, na mwenye boti anaweza kukaa misimu kadhaa akidhani ngama yake ni kavu.

Dalili zipo. Boti inazama zaidi kidogo kuliko alama yake ya kawaida. Inalalia ubavu mmoja ingawa mzigo umepangwa sawa. Inachelewa kuinua omo inapoongezwa mwendo. Uvundo unarudi siku mbili baada ya kuosha. Ukiipandisha kwenye trela na kuinua omo, inachuruzika kwa saa nyingi hata baada ya banduru kukauka. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, ya bahari zaidi kidogo. Lita 150 zilizojificha ni sawa na kubeba abiria wawili wasiolipa nauli kila safari.

Kabla ya kufungua chochote

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutulia ngamani. Kama boti ina tangi la petroli au injini ya petroli chini ya sakafu, usiingize drili, taa ya waya wala mashine ya kunyonya maji kabla ya kuacha vifuniko vyote wazi na kupepea hadi harufu iishe kabisa. Feni ya kawaida ya nyumbani haifai kazi hii, maana mota yake inaweza kutoa cheche. Pampu au jenereta ya petroli nayo ibaki nje ya boti. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, na inaua.

Maji yenye utando wa mafuta hayamwagwi baharini wala ziwani. Tandaza vitambaa vya kunyonya mafuta juu yake kwanza, vibadilishe mpaka utando uishe, na yaliyobaki yenye uchafu wa injini yatie kwenye madumu yapelekwe panapopokelewa mafuta machafu.

Ni maji gani haya?

Chota sampuli kwenye chupa inayoonyesha, kutoka mahali pa chini kabisa. Usiyaonje. Chukua mililita 15, yaani kijiko kimoja cha chakula, uyakaushe kwenye kifuniko cha bati juu ya moto mdogo. Maji ya bahari yana chumvi karibu gramu 35 kwa lita, hivyo kijiko hicho kitaacha ukoko mweupe wa karibu nusu gramu. Maji ya mvua au ya tangi huacha alama hafifu tu. Kuna mtego hapa: mvua ikiosha chumvi ya zamani iliyoganda ngamani, nayo itaonekana ya bahari. Suuza ngama kwa maji baridi (yasiyo na chumvi), ikaushe, kisha usubiri maji mapya ndipo upime.

Maji ya kijani, ya waridi au ya machungwa, yanayoteleza ukiyasugua kwa vidole vyenye glavu, ni ya kupozea injini, na mara nyingi yana sumu. Yaliyo kahawia kama chai ya rangi, yenye harufu kali ya uchachu, yamekaa na mbao inayooza. Hayo usiyapuuze hata yakiwa kikombe kimoja.

Kwenye boti ya ziwani kipimo cha chumvi hakisaidii. Tia rangi ya chakula kwenye tangi la maji ya kunywa, uone kama rangi hiyo itatokea ngamani.

Kusaka njia ya kuingilia

Kausha kila chumba kwa sifongo na matambara, hadi kidole kisilowe. Kisha tandika vipande vya karatasi laini ya chooni chini ya kila kiungo cha mpira, kila vali, bolti za usukani, kizibo cha kutolea maji na pakingi ya shafti (kinachozuia maji pale shafti ya propela inapotokea nje). Tone moja linaacha doa hata likikauka baadaye. Kazi hii inataka subira: jaribu kisababishi kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo utaishia kushuku kila kitu.

Anza boti ikiwa majini, imetulia, injini imezimwa, hakuna mvua, pampu ya maji ya matumizi imezimwa, kwa saa 24. Maji yakionekana, yametoka chini ya mstari wa maji. Yasipoonekana, washa pampu ya maji ya matumizi huku bomba zote zimefungwa. Ikijiwasha yenyewe kila baada ya muda, mfumo huo unavuja. Hatua inayofuata ni injini: iendeshe nusu saa ikiwa kwenye gia, boti imefungwa imara gatini, ukiangalia pampu ya maji ya kupozea, viungo vya ekzosi na shafti. Pakingi ya kitani iliyokazwa vizuri hudondosha matone machache kwa dakika shafti inapozunguka, na ikisimama huacha au karibu iache. Ukiikaza mpaka isidondoshe kabisa, inapata moto na kula shafti. Kwa pakingi za aina nyingine, fuata maelezo ya mtengenezaji.

Mwisho ni mvua ya bandia. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwage maji kwa mpira bila msukumo mkali. Mmwagaji aanze chini na kupanda: kwanza ubavu, kisha ukingo ambapo sitaha inaungana na bodi (ganda la boti), kisha misingi ya nguzo za reli, madirisha na vifuniko, dakika 10 kila sehemu. Ukianza juu, maji yatateremka juu ya viungo vyote na hutajua kipi kilivuja. Kumbuka pia kuwa maji hutembea nyuma ya kuta: yanaweza kuingilia omo na kudondokea tezi.

Usikubali pampu ikufariji wakati huu. Tundu la milimita 25, sentimita 60 chini ya mstari wa maji, huingiza takriban lita 60 kwa dakika. Pampu iliyoandikwa lita 2,000 kwa saa hutoa lita 33 kwa dakika ikiwa haipandishi maji popote. Ikiyapandisha mita moja na nusu, hutoa pungufu zaidi. Pampu inakupa muda tu.

Vyombo vya mbao vina sheria zao. Mbao zilizokaa nchi kavu husinyaa, na zikirudi majini huvuja kwa siku moja hadi tatu mpaka zivimbe. Kushindilia kalafati (nyuzi za kuziba nyufa) kwa nguvu au kujaza epoksi ngumu kwenye nyufa za mbao kavu ni kosa, kwa sababu zikivimba hazina pa kwenda: zitasukumana na kung'oa misumari au kupasua taruma. Na kinyume na wengi wanavyodhani, kwa mbao maji ya mvua yaliyotuama ni mabaya kuliko ya bahari, maana kuvu wa kuozesha hustawi kwenye maji yasiyo na chumvi.

Kujua yalipokwama

Sasa jaribu njia ya ndani. Mimina lita 2 za maji yenye rangi ya chakula kwenye chumba cha omo, boti ikiwa imekaa kama inavyokaa majini, na utege kwenye banduru. Yanapaswa kufika ndani ya dakika chache. Pima yaliyofika. Yakirudi lita 1 na robo tu, robo tatu ya lita imebaki mahali fulani. Rudia ukimiminia chumba kinachofuata, kisha kinachofuata, mpaka upate chumba ambacho kikivukwa upotevu unakoma.

Mara nyingi kosa ni dogo: tundu la kupitishia maji chini ya taruma limezibwa na vumbi la mbao, magamba, nywele au gundi iliyomwagika siku ya ujenzi. Lizibue kwa waya mnene wenye ncha iliyokunjwa. Matundu ya milimita 12 huziba kila wakati. 20 hadi 25 yanakaa vizuri zaidi. Mafundi wa vyombo vya mbao hupitisha mnyororo mwembamba ndani ya matundu yote kutoka omo hadi tezi; ukiuvuta mara chache mbele na nyuma, njia yote inasafika. Chunguza pia kama zege au lami iliwahi kumwagwa ngamani ili kusawazisha. Ikiachana na mbao kwa unene wa karatasi tu, maji hukaa katikati na hakuna kitakachoyatoa hadi ivunjwe.

Kama njia ziko wazi na maji bado yanapotea, yameingia ndani ya muundo wenyewe. Kwenye boti ya faibaglasi, gonga mihimili na sakafu kwa mpini wa plastiki wa bisibisi. Mlio mkali na mfupi ni uzima. Mlio mzito uliokufa ni mbao iliyolowa au tabaka lililoachana. Kipima unyevu husaidia kulinganisha sehemu moja na nyingine, ila namba zake zisikutishe peke yake: chumvi juu ya bodi, rangi yenye shaba na chuma kilicho karibu humdanganya mpimaji.

Uthibitisho ni tundu la majaribio. Toboa kutoka ndani, kwenye mhimili, karibu na sehemu yake ya chini, kwa ncha ya milimita 6 iliyozungushiwa utepe kuonyesha mwisho wa kina. Usitoboe kuelekea bodi ya nje. Angalia unga unaotoka: mkavu na mweupe ni salama, wenye unyevu na weusi, au unaonuka, unakuambia moyo wa mbao umeanza kuoza.

Kutoa na kukausha

Inua omo kidogo, nyuzi 2 au 3 zinatosha, ili maji yaelekee upande mmoja. Ongeza tundu la pili upande wa juu wa mhimili liingize hewa, la sivyo maji yatabaki ndani kama kwenye mrija uliozibwa juu kwa kidole. Nyonya kwa mashine ya maji, acha usiku, nyonya tena. Baada ya hapo weka mashine ya kukausha hewa na ufunike eneo kwa turubai. Joto lisizidi nyuzi 50 za Selsiasi. Resini ya poliesta hulegea ikipashwa sana. Ukaushaji huchukua wiki, wakati mwingine miezi, na hapa ndipo wengi huharibu kazi yao: wanaziba mapema. Epoksi juu ya mbao mbichi inafungia ndani unyevu ule ule unaoozesha. Subiri mbao ishuke chini ya asilimia 15.

Povu la kuelea likilowa, usihangaike kulikausha. Kata kipande cha majaribio kwa mrija wenye ncha kali na ukikamue. Kikitoa maji, povu lote la eneo hilo linatoka. Rudisha ujazo ule ule, kwani ndilo linaloizuia boti isizame, na uache nafasi ya sentimita 2 chini yake ili maji yapite. Chagua poliuretani, kwa kuwa polistirini huyeyushwa na petroli.

Kuziba

Chanzo kikubwa cha maji ndani ya mhimili ni tundu la skrubu lililotobolewa bila kinga. Kwa skrubu ya milimita 6, toboa milimita 12, jaza epoksi iliyotiwa unga wa kuifanya nzito, iache igande, kisha toboa upya katikati kwa ncha nyembamba kidogo kuliko skrubu. Skrubu itakaa ndani ya epoksi bila kugusa mbao. Fanya vivyo hivyo kwenye matundu ya kupitishia maji yanayokatiza mhimili wa mbao: yatanue, gundisha mrija wa plastiki uliosuguliwa kwa msasa nje yake, upake epoksi kingo zote.

Palipokatwa faibaglasi, chonga ukingo kwa mteremko wa 12 kwa 1: ganda la milimita 5 linahitaji mteremko wa milimita 60 kila upande. Sugua kwa msasa namba 80, futa kwa asetoni, tumia epoksi. Poliesta mpya haishiki vizuri juu ya poliesta ya zamani.

Banduru na pampu

Pampu ya kawaida huacha sentimita 2 au 3 za maji chini yake, na ikizimwa yale ya kwenye mpira hurudi: mpira wa milimita 38 unarudisha zaidi ya lita 1 kwa kila mita. Ukiona pampu inawaka na kuzima mfululizo, hiyo ndiyo sababu. Kuweka vali ya kuzuia kurudi ni jibu la haraka lakini baya. Inapunguza mtiririko, na takataka moja ikiifunga, pampu inazunguka bure. Ni bora kuinua swichi ya boya (inayowasha pampu maji yakiinua boya lake) sentimita chache juu ya msingi wa pampu, kufupisha mpira, na kuupandisha juu sana ya mstari wa maji kabla haujatoka nje. Pampu ndogo ya kiwambo yenye mdomo bapa, ikiwekwa kando ya kubwa, huondoa mabaki hadi milimita chache.

Viungo vya waya viwe juu kabisa ya maji, vimefunikwa kwa mrija unaosinyaa ukipashwa joto, wenye gundi ndani, na fyuzi iwe ya kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji wa pampu. Swichi usiijaribu kwa kuinyanyua kwa kidole; mimina ndoo ya maji ngamani, maana swichi iliyonyanyuliwa inaweza kuwaka huku boya lake limejaa matope. Kisha rudia jaribio la lita 2 za maji yenye rangi, ukilinganisha na kiasi ulichopima mwanzo.