Kununua Konsoli ya Michezo Sasa au Kusubiri: Namna ya Kuamua Wakati Bei Hazitabiriki

Kwa miaka mingi, mtu aliyeuliza anunue lini konsoli ya michezo ya video alipewa jibu moja tu: asubiri, bei itashuka. Jibu hilo lilikuwa na ushahidi. PlayStation 2 iliingia sokoni Marekani mwaka 2000 kwa dola 299, ikashuka hadi 199 mwaka 2002, na kufikia 2009 iliuzwa kwa dola 99. PlayStation 3, ambayo mwaka 2006 toleo lake kubwa liliwashtua watu kwa dola 599, ilikuwa imefika dola 299 miaka mitatu baadaye, tena ikiwa nyembamba na nyepesi kuliko ile ya kwanza.

Kizazi kilichoanza Novemba 2020 kimelipindua jibu hilo. PlayStation 5 yenye kisoma diski ilizinduliwa Marekani kwa dola 499.99, na Agosti 2025, karibu miaka mitano baadaye, bei yake rasmi ilipandishwa hadi 549.99. Xbox Series S, iliyopendwa kwa sababu ya unafuu wa bei yake, ilianza kwa dola 299.99, ikapanda hadi 379.99 Mei 2025, kisha hadi 399.99 Oktoba mwaka huohuo. Hata Nintendo Switch ya kwanza, mashine ya mwaka 2017 ambayo kwa kawaida za zamani ingekuwa inauzwa kwa bei ya kumaliza ghala, ilipandishwa Marekani Agosti 2025 kutoka dola 299.99 hadi 339.99. Japani hali ilikuwa nzito zaidi: PlayStation 5 ilitoka yen 54,978 pamoja na kodi ilipozinduliwa hadi yen 79,980 Septemba 2024.

Sababu za mabadiliko haya ni vema zijulikane, kwa maana ndizo zitakazokusaidia kupima uvumi utakaokufikia. Zamani kila chipu, yaani kile kipande kidogo cha kielektroniki kinachoendesha mashine, ilipoundwa upya kwa ukubwa mdogo, gharama yake ilishuka kwa kiasi kikubwa, na sehemu ya nafuu hiyo ikamfikia mnunuzi. Siku hizi chipu bado hupunguzwa ukubwa lakini nafuu yake ni ndogo. Juu ya hilo kuna mfumuko wa bei, thamani ya sarafu inayoyumba, ushuru wa forodha uliowekwa Marekani mwaka 2025, na tangu mwishoni mwa mwaka huo chipu za kumbukumbu zimekuwa zikigombaniwa na vituo vya data vya akili unde, ambavyo viko tayari kuzilipia zaidi. Hakuna hata moja kati ya sababu hizi inayoondoka kwa msimu mmoja. Kwa hiyo mtu anayekwambia kwamba mashine fulani itapunguzwa bei kabisa mwakani mwulize ni ipi kati ya sababu hizo itakayobadilika kabla ya mwakani.

Usitegemee pia kwamba utaonywa mapema. Sony, mtengenezaji wa PlayStation, ilitangaza ongezeko lake la Marekani tarehe 20 Agosti 2025, na bei mpya ikaanza kutumika kesho yake. Mimi mwenyewe niliwahi kuahirisha ununuzi mara mbili nikingoja punguzo, na mara ya pili niliporudi nikakuta bei imepanda. Fedha niliyokuwa nimeitenga haikutosha tena, na ilinibidi kuanza kuweka akiba upya.

Hatua ya kwanza basi isiwe kutazama bei. Chukua karatasi uandike michezo mitatu ambayo utaicheza kweli katika miezi sita ya mwanzo, na ambayo huwezi kuicheza kwa kifaa ulicho nacho sasa. Michezo ambayo bado haijatoka usiihesabu, kwa kuwa tarehe za kutoka huahirishwa mara kwa mara. Ukikosa kufikisha mitatu, huna haja ya konsoli kwa sasa, na bei ipande au ishuke isikusumbue. Ukiipata kwa urahisi, endelea.

Hatua ya pili ni kukokotoa gharama nzima, maana bei iliyoandikwa kwenye boksi ni mlango tu. Ongeza padi ya pili, yaani kidhibiti cha mkononi, kama huchezi peke yako, nafasi ya ziada ya kuhifadhia, ada ya usajili wa kucheza mtandaoni, na hiyo michezo mitatu, ambayo ikiwa ni mikubwa na mipya huuzwa kwa kiasi cha dola 70 kila mmoja. Usajili ndio unaosahauliwa zaidi. Oktoba 2025 Xbox Series X ilipanda kwa dola 50 na watu wakalalamika kwa haki, lakini katika siku hizohizo Game Pass Ultimate, usajili wa Xbox wa kucheza michezo mingi kwa ada ya mwezi, ilipanda kutoka dola 19.99 hadi 29.99 kwa mwezi, ongezeko la dola 120 kwa mwaka kwa bei ile. Mwenye kuhangaika miezi minne ili aokoe dola 50 za mashine, kisha akajisajili bila kuhesabu, amefunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Katika hesabu hiyohiyo amua kama unataka kisoma diski. PlayStation 5 ya kidijiti, yaani isiyo na kisoma diski, mwaka 2025 ilikuwa na nafuu ya dola 50, lakini mwenye diski anaweza kuazima, kununua michezo iliyotumika, na kuuza aliyoimaliza. Ukinunua michezo sita iliyotumika, kila mmoja ukiwa na nafuu ya dola 15 kuliko ule wa dukani mtandaoni, umeokoa dola 90 na tofauti ya bei imekwisha kufutika. Yapo matoleo ya kidijiti yanayokubali kuongezewa kisoma diski baadaye, ila kisoma hicho kilizinduliwa kwa dola 79.99, ukijumlisha na dola 499.99 za mashine kwa bei ya Agosti 2025 unapata 579.98, zaidi ya bei ya wakati huo ya yule aliyenunua yenye diski tangu mwanzo.

Sasa pima gharama ya kusubiri kwenyewe, jambo ambalo watu wengi hawalifanyi. Tuseme ungecheza saa nane kwa wiki, na unasubiri miezi sita ili upate punguzo la dola 50. Wiki 26 mara saa nane ni saa 208. Gawanya dola 50 kwa saa hizo utapata senti 24, na hiyo ndiyo bei unayojilipa kwa kila saa ya burudani unayojinyima. Kwa wengine hiyo ni biashara mbaya. Lakini hesabu hii ina upande wa pili: mashine zimeacha kushuka bei, michezo haijaacha. Mchezo wa dola 70 mara nyingi hupatikana kwa punguzo kubwa kabla haujatimiza mwaka, ingawa ile ya Nintendo ni mizito kushuka. Kama una rundo la michezo ambayo hujaimaliza kwenye mashine yako ya zamani, kusubiri hakukugharimu kitu, na utakaponunua utakuta michezo mingi mizuri imeshashuka bei.

Baada ya hapo jiwekee mambo mawili kwa maandishi: bei ya juu kabisa utakayokubali kulipa, na tarehe ambayo ukifika bila punguzo utanunua kwa bei iliyopo au utaachana na jambo hili kwa mwaka mzima. Bila tarehe, kusubiri hugeuka tabia. Tarehe hiyo iwe baada ya moja ya misimu ya ofa inayojulikana, yaani wiki ya mwisho ya Novemba, au kipindi cha mwishoni mwa Mei na mwanzo wa Juni ambapo Sony huendesha mauzo yake ya Days of Play. Misimu hii bado ina maana. PlayStation 5 iliyopanda dola 50 Agosti 2025 ilipunguzwa dola 100 kwa muda katika ofa za Novemba mwaka huohuo, kwa hiyo aliyenunua wakati huo alilipa chini ya bei ya mwaka 2020. Kinachokosekana siku hizi ni punguzo la kudumu. La muda lipo. Ofa ya mashine pamoja na mchezo ihesabu kuwa punguzo pale tu mchezo huo ulipo kwenye karatasi yako. Na kabla ya kuamini maandishi mekundu ya dukani, linganisha na bei rasmi ya mtengenezaji, kwa sababu wapo wauzaji wanaopandisha kwanza ndipo wapunguze.

Vipi kuhusu kizazi kipya kinachonong'onwa? Uvumi usikuzuie, tangazo rasmi lenye tarehe likuzuie, angalau mpaka bei itajwe. Hata hivyo usitarajie makubwa. Switch 2 ilitoka tarehe 5 Juni 2025 kwa dola 449.99, na badala ya Switch ya zamani kushuka, ilipanda miezi miwili baadaye. Wale wanaoogopa kununua mapema kwa kukumbuka Nintendo 3DS, konsoli ya mkononi iliyoporomoka kutoka dola 249.99 hadi 169.99 Agosti 2011 ikiwa haijatimiza hata miezi sita sokoni Marekani, wana haki ya kukumbuka, lakini ajali ya namna hiyo haijawa kawaida. Hatari ya siku za uzinduzi ni walanguzi, kama ilivyokuwa mwaka 2020 na 2021, na dawa yao ni kuondoka tu.

Ujio wa mashine mpya hufaa zaidi kwa mnunuzi wa kilichotumika, kwa kuwa watu huuza za zamani ili wachangie mpya. Hapa usiwe na haraka. Mwombe muuzaji aiwashe mbele yako na mcheze mchezo mzito kwa nusu saa huku ukisikiliza feni. Ikinguruma tangu dakika za mwanzo, ndani kuna vumbi au kuna tatizo zaidi ya vumbi. Ingiza diski na uitoe mara tatu. Weka padi juu ya meza bila kuigusa, ukiwa kwenye ukurasa wa menyu, na utazame kama kiteuzi, ile alama ya kuchagulia kwenye skrini, kinasogea chenyewe, maana kijiti cha padi kilichochoka hujifichua hivyo. Kisha unganisha intaneti na uingie kwa akaunti yako mwenyewe, kwa sababu konsoli iliyofungiwa na mtengenezaji huwaka vizuri tu mpaka pale inapotakiwa kwenda mtandaoni. Linganisha namba ya mashine na ile ya kwenye boksi, na uhakikishe akaunti ya muuzaji imeondolewa kabla hujatoa fedha.

Ukivutwa na bei nafuu ya nchi nyingine, soma masharti kwanza. Switch 2 iliyozinduliwa Japani mwaka 2025 kwa yen 49,980 ina lugha ya Kijapani pekee na hukubali akaunti zilizosajiliwa nchini humo tu, wakati ile ya lugha nyingi ilitolewa kwa yen 69,980. Waranti nayo mara nyingi haivuki mpaka.

Ukishanunua, fungua boksi siku hiyohiyo, jaribu kila tundu, kisoma diski, padi na intaneti, na uiache ifanye kazi saa kadhaa mfululizo. Uliza pia kama duka hurejesha tofauti endapo bei itashuka ndani ya siku chache, na uitunze risiti, kwa kuwa muda wa kurudisha bidhaa kwa kawaida huhesabiwa tangu tarehe iliyoandikwa pale, hata kama mashine bado imo ndani ya boksi lake chini ya kitanda.