Jinsi ya Kupima Joto la Bahari ya Kale kwa Magamba Yaliyomo Katika Udongo wa Kilwa

Anayetaka kujua maji ya Bahari ya Hindi yalikuwa na joto kiasi gani miaka milioni 40 iliyopita hana kumbukumbu iliyoandikwa ya kurejea. Alichonacho ni mashapo yaliyotua kwenye sakafu ya bahari, na ndani yake magamba ya foraminifera, viumbe vya seli moja vinavyojijengea nyumba za chokaa ambazo nyingi hazizidi nusu milimita. Kiumbe hicho kinapojenga gamba, kemia ya chokaa hufuata joto na kemia ya maji yanayokizunguka, na kikifa gamba huzama na kuzikwa. Mwongozo huu unafuata kazi hiyo kuanzia shambani hadi kwenye hesabu, kwa mfano wa udongo wa mfinyanzi wa Kilwa na Lindi, kusini mwa pwani ya Tanzania. Mfano huo umechaguliwa kwa sababu ndio ulioonyesha kwa uwazi kwamba hali ya gamba huangaliwa kwanza, na mashine hufuata baadaye.

Kwa miaka mingi vipimo vya magamba kutoka bahari kuu vilionyesha kwamba katika vipindi vya Kretasia ya mwisho (takriban miaka milioni 100 hadi 66 iliyopita) na Eosini (takriban milioni 56 hadi 34 iliyopita), ambapo ncha za dunia zilikuwa na joto na karibu hazina barafu, maji ya juu ya bahari za tropiki yalikuwa na nyuzi 15 hadi 23 za Selsiasi tu, yaani baridi kuliko leo. Jambo hilo halikuingia akilini, wala halikupatana na hesabu za kompyuta za hali ya hewa. Mwaka 2001 Paul Pearson na wenzake walitangaza vipimo vya magamba yaliyohifadhika vizuri mno katika udongo wa mfinyanzi, yakiwemo ya Tanzania, vilivyotoa angalau nyuzi 28 hadi 32. Tatizo la vipimo vya awali halikuwa mashine. Magamba yaliyolala muda mrefu kwenye sakafu ya bahari kuu, penye maji baridi, yalikuwa yameyeyuka kidogo kidogo na kuganda upya, na chokaa mpya ilichukua alama ya baridi ya chini badala ya joto la juu. Mfinyanzi wa Kilwa haupitishi maji kwa urahisi na haukuwahi kuzikwa kwa kina kikubwa, ndiyo maana magamba yake yamebaki karibu kama yalivyoumbwa.

Basi, katika kuchagua mahali pa kazi, tafuta kwanza mashapo yenye mfinyanzi mwingi, yaliyotua kwa kasi, mbali na mito inayomwaga mchanga. Katika bahari kuu mashapo huongezeka kwa sentimita chache tu kila miaka 1,000, na wanyama wanaochimba sakafuni huvuruga takriban sentimita 10 za juu, kwa hiyo mahali penye utuaji wa polepole hapawezi kujibu swali linalohusu karne moja moja. Epuka pia vina vikubwa sana, kwani chini ya takriban meta 4,000 hadi 5,000, kutegemea bahari yenyewe, chokaa huyeyuka kuliko inavyotua.

Huko Kilwa mashapo ya bahari ya kale yapo nchi kavu leo, na hilo humwokolea mtafiti gharama za meli. Lakini asishawishike kuchota udongo wa juu kando ya barabara. Mvua, mizizi na asidi inayotokana na kuoza kwa madini ya salfaidi huwa vimekwisha kuyala magamba. Ni lazima kuchoronga hadi kuupita udongo uliochakaa na kuufikia mfinyanzi mbichi wa kijivu. Mradi wa uchorongaji uliofanywa huko kwa ushirikiano na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania ulitumia mashine ya kubebwa kwa gari, na mashimo yake yalifika makumi ya meta hadi zaidi ya 100. Kabla ya hayo yote shughulikia vibali, kikiwemo cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia Tanzania, kwa mtafiti kutoka nje, pamoja na idhini ya uongozi wa kijiji, maana shimo huchimbwa kwenye shamba la mtu.

Kila mche wa mashapo, yaani kipande kirefu cha udongo kilichochorongwa, unapotoka kwenye bomba, uandike kina chake na mshale unaoonyesha upande wa juu kabla ya kuuhamisha. Mche uliogeuzwa kichwa chini bila mtu kujua hugeuza historia nzima. Uoshe uso wake ili kuondoa tope la kuchorongea, upasue kwa urefu, nusu moja ihifadhiwe bila kuguswa na nusu nyingine itumike.

Umri hupatikana kwa njia inayotegemea ukale. Kwa tope changa, kama lile lililo mbele ya mdomo wa Mto Rufiji, kaboni 14 inafaa hadi takriban miaka 50,000, mradi ukumbuke kwamba kaboni ya maji ya bahari yenyewe huonekana kuwa na umri wa karibu miaka 400, kiasi ambacho lazima kirekebishwe. Kwa udongo wa Kilwa kaboni 14 haina msaada wowote. Hapo mtafiti hutegemea kuonekana na kutoweka kwa spishi: kwa mfano, foraminifera wenye miiba wa jenasi Hantkenina walitoweka duniani kote takriban miaka milioni 33.9 iliyopita, na kutoweka kwao ndiko kunakotumika rasmi kuweka mpaka kati ya Eosini na Oligosini. Ukiwaona katika sampuli moja na kuwakosa katika zote zilizo juu yake, umepata mahali pa kuanzia kuhesabu.

Kuosha sampuli huonekana kazi ya kibarua, lakini hapo ndipo vipimo vingi huharibikia. Kausha udongo kwa joto lisilozidi nyuzi 50, uloweke kwenye maji safi, kisha uupitishe polepole kwenye chekecheo la mikroni 63 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) bila kusugua. Usitumie asidi hata kidogo. Kati ya sampuli moja na nyingine lichovye chekecheo kwenye rangi ya methilini bluu, ili gamba lolote lililonasa liwe la buluu. Likijitokeza katika sampuli inayofuata utalitambua mara moja na kulitupa. Mabaki yakikauka, yapange kwa ukubwa na ufanye kazi na kundi jembamba, tuseme mikroni 250 hadi 300, kwa sababu kemia ya gamba hubadilika kadiri kiumbe kinavyokua. Mimina kidogo kwenye sinia jeusi chini ya hadubini, lowesha ncha ya brashi nyembamba, na uchague spishi moja iliyoishi karibu na uso wa bahari. Kuchanganya spishi ni kuchanganya vina vya maji, na wastani wake hausemi lolote.

Sasa simama, hata kama mashine iko tayari na foleni yake ni ndefu. Weka tone la maji juu ya gamba na ulitazame. Gamba zima hupitisha mwanga, hadi vyumba vya ndani vinaonekana kupitia ukuta wake, na matundu madogo yako wazi. Gamba lililoganda upya ni jeupe na halipitishi mwanga, na anayeanza kazi hii hulipenda kwa sababu linang'aa vizuri kwenye sinia jeusi. Kwa maoni yangu hakuna mtego mkubwa kuliko huo. Usiishie hapo. Vunja magamba machache na uangalie ukuta uliovunjika kwa hadubini ya elektroni. Ukuta wa asili umejengwa kwa chembe ndogo zisizozidi mikroni moja, ilhali ulioharibika una fuwele kubwa zenye pembe, zilizoshikana kama sukari iliyopata unyevu. Yakiwa hivyo, iache sampuli hiyo. Mashine ya kupimia isotopu, yaani atomi za elementi moja zinazotofautiana kwa uzito, hukosea kwa takriban 0.1 kwa elfu au chini yake, kosa ambalo ni sawa na chini ya nusu nyuzi ya joto, lakini gamba lililoganda upya linaweza kukupotosha kwa nyuzi 10, na mashine itakuletea jibu lenye desimali zote bila kulalamika.

Magamba yaliyofaulu huyeyushwa kwa asidi ya fosforiki, na gesi ya kaboni dayoksaidi inayotoka hupimwa uwiano wa oksijeni 18 kwa oksijeni 16. Maji yakiwa ya joto, gamba huchukua oksijeni 18, iliyo nzito zaidi, kidogo kuliko kawaida: kila nyuzi moja ya joto hupunguza uwiano huo kwa takriban 0.22 kwa elfu. Mlinganyo wa Erez na Luz wa mwaka 1983 unasema: chukua tofauti kati ya uwiano wa gamba na ule wa maji, izidishe kwa 4.52, uiondoe kwenye 17, kisha ongeza 0.03 mara mraba wa tofauti hiyo. Tuseme tofauti, baada ya kuweka vipimo vyote katika skeli moja, ni −2.5, jibu ni nyuzi 28.5. Ikiwa ni −3.5, jibu linaruka hadi 33.2. Kwa hiyo ukikosea thamani ya maji kwa 1 kwa elfu, umekosea joto kwa karibu nyuzi 5, na maji ya kale hakuna aliyeyachota. Kwa dunia isiyo na barafu thamani ya maji inayotumiwa ni takriban −1, kwa kuwa maji mepesi, yenye oksijeni 18 kidogo, ambayo leo yamefungwa katika barafu ya Antaktika na Grinlandi yalikuwa bado baharini. Ukaribu wa mto au mvukizo mkali huhitaji masahihisho mengine.

Ndiyo maana kipimo cha pili ni cha lazima. Magnesiamu inayoingia katika chokaa huongezeka kwa takriban asilimia 9 kwa kila nyuzi ya joto na haitegemei wingi wa barafu. Magamba hupondwa taratibu kati ya vioo viwili, huoshwa kwa maji na methanoli ndani ya chombo cha mawimbi ya sauti, kisha kwa peroksaidi ili kuondoa mabaki ya viumbe. Pima alumini pia, kwani mfinyanzi una magnesiamu nyingi, na alumini ikipanda ujue uoshaji haukutosha. Kwa nyakati za mamilioni ya miaka rekebisha kiasi cha magnesiamu na kalisi katika bahari yenyewe, maana nacho kimebadilika.

Faida ya kuvitumia vyote viwili ilionekana katika mpito wa takriban miaka milioni 34 iliyopita, barafu kubwa ilipoanza kukaa Antaktika. Magnesiamu ya magamba ya sakafu ya bahari kuu ilionyesha kana kwamba maji hayakupoa, kwa sababu kemia ya kaboneti huko chini ilibadilika wakati uleule na kuficha baridi. Miche ya Tanzania, iliyotoka kwenye maji yasiyo na kina kikubwa hivyo, haikuguswa na mabadiliko hayo, na mwaka 2008 Caroline Lear na wenzake walionyesha kwamba maji yalipoa kwa takriban nyuzi 2.5. Kwa kuondoa sehemu hiyo kwenye mabadiliko ya oksijeni, kinachobaki ndicho kinachohusu barafu.

Unapotoa matokeo, andika kina cha kila sampuli, spishi, ukubwa wa magamba, milinganyo uliyotumia na thamani ya maji uliyoichukulia, na uweke picha za kuta zilizovunjika kutoka sampuli kadhaa, si ile nzuri peke yake. Magamba yasiyopondwa yabaki kwenye vibao vyao yakiwa na namba za sampuli, ili atakayetilia shaka nambari zako aweze kuyatazama mwenyewe.