Kutafuta ukoo wa Kichagga mtandaoni

Ukiandika jina la ukoo wako kwenye intaneti utaletewa watu wa leo tu. Mababu zetu wa wakati wa Mjerumani waliandikwa kwa jina moja au mawili, na mara nyingi bila jina kabisa. Kinachosaidia kuwapata ni mahali walipoishi. Kwa hiyo, kabla ya kufungua kompyuta, nenda kwa wazee uulize mambo manne kuhusu kila marehemu: jina lake la kabla ya ubatizo, mtaa na kihamba (shamba la ukoo) alichozikwa, rika lake, na mangi (chifu) aliyekuwa akitawala.

Miaka utaikadiria kwa matukio. Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa tarehe 2 Machi 1900, Vita Kuu ya Kwanza ikaanza 1914, KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ikaanzishwa 1933. Bibi akisema baba yake alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi Meli aliponyongwa, andika "takriban 1890". Usiache kamwe neno hilo "takriban": likidondoka, kisio hugeuka ukweli na wajukuu watalibeba hivyo.

Sasa tahajia. Wajerumani waliandika walivyosikia: Moshi ni Moschi, Machame ni Madschame, Kibosho ni Kiboscho, Wachagga ni Wadschagga au Dschagga tu. Tafuta kwa tahajia zote mbili, na ongeza neno "Häuptling", yaani chifu kwa Kijerumani, ukimtafuta mangi.

Pa kuanzia penye utajiri kuliko pote ni maktaba ya kidijitali ya Chuo Kikuu cha Southern California, digitallibrary.usc.edu, kwenye mkusanyiko wa picha za wamisionari. Humo zimo picha za Misheni ya Leipzig, ya Walutheri wa Kijerumani, iliyofika Kilimanjaro mwaka 1893. Ni bure. Andika jina la kituo, mfano Mamba au Machame, kisha soma maelezo ya kila picha hadi mwisho, kwani jina la mwalimu au mzee wa kanisa huweza kujificha humo. Tarehe nyingi ni kipindi kirefu, si siku moja. Ukipakua picha, nakili na namba yake ya utambulisho. Bila hiyo hutaipata tena kirahisi. Kisha ichapishe kubwa uwapelekee wazee, kwa sababu wao ndio watakaotambua mto na mteremko.

FamilySearch, tovuti ya kutafuta kumbukumbu za ukoo, nayo ni bure, ila lazima ujisajili. Baadhi ya kumbukumbu hufunguka tu ukiwa kwenye vituo vyao. Jihadhari na mti wao wa ukoo wa pamoja: aliyejisajili yeyote anaweza kubadilisha taarifa za marehemu. Kwa Wachagga kosa kubwa ni kuunganisha watu wawili kuwa mmoja, maana mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Jina hilohilo hurudi kila baada ya kizazi. Usikubali kuunganisha mpaka mtaa, mke na rika vilingane.

Vitabu vya ubatizo vitafute usharikani au parokiani. Vya Wakatoliki wa Kilema na Kibosho vya zamani tarajia Kilatini: "filius" ni mtoto wa kiume, "filia" wa kike, "patrinus" msimamizi wa ubatizo. Msimamizi mwandike pia. Huenda naye akawa ndugu.