Somo: Kufuatilia vizazi vya ukoo wa mashambani nchini Uingereza

Nimeandika somo hili kwa sababu swali lilelile limekuwa likirudi kwa sura mbalimbali: mtu ana babu, mume au mkwe ambaye asili yake ni kijiji fulani cha Uingereza, naye anataka kuujua ukoo huo kizazi baada ya kizazi. Wapo wanaouliza kutoka Leicester na London, na wapo wajukuu wa walowezi walioko Nakuru. Jibu lao ni moja, na kuanzia leo nitawaelekeza hapa. Somo linahusu England na Wales pekee, kwa kuwa Scotland na Ireland zina taratibu zake za kumbukumbu. Linahusu zaidi vibarua wa mashamba, wahunzi, wachungaji wa kondoo na wakulima wadogo, yaani watu ambao hawakuacha majumba wala picha za kuchorwa, lakini waliandikwa na kanisa na serikali kwa uangalifu unaostahili heshima yetu.

Hatua ya kwanza. Andika unayoyajua, waulize wazee wakiwa hai, kisha rudi nyuma kizazi kimoja kimoja bila kuruka.

Hatua ya pili: vyeti. Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza tarehe 1 Julai 1837. Tafuta katika faharasa ya Ofisi Kuu ya Usajili, ambayo kwa vizazi huonyesha jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa, kisha agiza cheti chenyewe. Cheti cha ndoa ni cha thamani kubwa zaidi kwa sababu kinataja baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi pamoja na kazi zao. Usishtuke ukikosa uzazi wa kabla ya 1875, kwa kuwa hadi wakati huo sheria haikuwabana wazazi ipasavyo na baadhi ya watoto hawakuandikishwa.

Hatua ya tatu: sensa. Sensa hufanyika kila miaka 10 tangu 1801, lakini majina ya watu wote yanapatikana kuanzia 1841. Katika sensa hiyo ya 1841 umri wa watu wazima kwa kawaida ulipunguzwa hadi namba inayogawanyika kwa tano, kwa hiyo mtu wa miaka 44 ataonekana ana 40. Ile ya 1851 ndiyo mlango wenu, kwa kuwa inataja uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya na parokia aliyozaliwa. Ile ya 1911 inaeleza mke ameolewa kwa miaka mingapi, amezaa watoto wangapi wakiwa hai, wangapi bado wanaishi, na wangapi wamefariki. Msiitafute ya 1931, kwa kuwa iliteketea kwa moto mwaka 1942, na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita.

Hatua ya nne: kuvuka kutoka sensa kwenda rejista ya parokia. Hapa ndipo koo nyingi zinapopotea, na ndiyo sababu hasa ya somo hili. Tuseme sensa ya 1851 inamtaja William, kibarua wa shambani mwenye umri wa miaka 46, mzaliwa wa Wymondham katika kaunti ya Norfolk. Unafungua rejista ya ubatizo, unamkuta William mmoja mwenye jina la ukoo wako aliyebatizwa mwaka 1805, na furaha inakuchukua. Usimwandike bado. Soma kwanza rejista ya maziko kuanzia siku ile ya ubatizo, ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu inawezekana kabisa mtoto huyo alizikwa akiwa na wiki tatu, na ilikuwa kawaida mdogo wake kupewa jina lilelile, hivyo babu yako akawa ni William wa pili, aliyebatizwa mwaka 1807 na kukadiria umri wake vibaya mbele ya karani. Ukimaliza hapo, fanya vivyo hivyo katika parokia zote zinazopakana, kwa maana vijiji vya Norfolk viko karibu karibu na binamu wawili waliorithi jina la babu mmoja waliweza kubatizwa katika makanisa mawili jirani ndani ya mwaka mmoja. Kukosekana kwa mshindani, yaani William mwingine wa jina hilo, katika tovuti moja si ushahidi kwamba hakuwapo, kwani tovuti huwa haina rejista za parokia zote.

Yapo mengine ya kuyaangalia katika hatua hiyohiyo. Kabla ya 1752 mwaka wa kisheria ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo mtoto aliyebatizwa Februari 1730 alikuja miezi minane baada ya harusi ya Juni 1730, wala hakutangulia ndoa ya wazazi wake. Ubatizo nao si uzazi, kwa kuwa familia nyingine zilipeleka watoto watatu au wanne kwa siku moja. Rejista zilizoanza 1813 zimechapwa kwa safu maalumu na hutaja kazi ya baba na mahali anapoishi. Za kabla ya hapo huenda zikawa na jina la mtoto na wazazi tu. Pale ukurasa ulipoliwa na unyevu au panya, ulizia nakala za askofu, yaani nakala ambazo parokia zilitakiwa kupeleka kila mwaka kuanzia 1598.

Hatua ya tano. Thibitisha kwa wosia, kwa ramani za fungu la kumi, yaani za ardhi iliyotozwa zaka ya kanisa, zilizotokana na sheria ya 1836, na kwa kumbukumbu za maskini wa parokia. Wosia wa kabla ya Januari 1858 ulithibitishwa katika mahakama za kanisa.

Maswali ya wanachama

Mjukuu wa Norfolk: Babu yangu alikuwa Smith wa Norfolk. Naomba unitafutie nasaba yake yote.

Jibu: Tafadhali soma hatua ya kwanza. Bila mwaka, kijiji na jina la mke hakuna mtu anayeweza kukusaidia.

Mama Salma, Leicester: Shikamoo mwalimu. Nafuatilia ukoo wa baba mkwe kwa ajili ya wanangu. Katika sensa ya 1861 watoto wanne wamezaliwa katika parokia nne tofauti, na baba yao ameandikwa "Ag Lab". Je, nimechanganya familia mbili?

Jibu: Marahaba, dada. Hujachanganya, na umeona jambo ambalo wengi hulipita. Hicho ni kifupi cha kibarua wa shambani. Vibarua wengi waliajiriwa kwa mwaka, na mkataba ulipokwisha, mara nyingi karibu na tarehe 29 Septemba, familia ilipakia vyombo vyake kwenye mkokoteni na kuhamia kwa mwajiri mwingine. Panga watoto kwa umri na uziandike parokia zao kwa mpangilio huo. Utaiona njia waliyopita. Parokia ya mtoto wa kwanza mara nyingi iko karibu na kwao mama, kwa hiyo tafuta ndoa hapo kwanza, na usome pia kitabu cha matangazo ya ndoa, kwa kuwa hutaja parokia ya kila mmoja. Kama kizazi kilichotangulia kiliwahi kuomba msaada wa parokia kabla ya 1834, ulizia mahojiano ya ukaazi katika hifadhi ya nyaraka ya kaunti. Maskini alihojiwa mbele ya mahakimu alikozaliwa, aliyemtumikia na kwa muda gani, ili ijulikane ni parokia ipi inayowajibika kumlisha. Ni moja ya sehemu chache ambapo utasoma maisha ya kibarua kama alivyoyaeleza mwenyewe.

Mtafiti Huru: Mbona unatutisha? Nimepata mti wa ukoo mtandaoni unaofika 1066, na nembo ya ukoo wetu ipo.

Jibu: Sikutishi, nakuomba ushahidi. Amri ya kuweka rejista za parokia ilitoka mwaka 1538, na rejista nyingi zilizobaki zinaanza baadaye. Familia ya vibarua ikifika miaka ya 1600 kwa uthibitisho, kazi imefanyika vizuri mno. Kabla ya hapo unahitaji kumbukumbu za mahakama za mabwana wa ardhi, nazo mti huo haukuzitaja. Ama nembo, nchini Uingereza hupewa mtu na kurithiwa na uzao wake; haiwi ya kila mwenye jina hilo la ukoo.

Wa Nakuru: Babu mzaa mama alikuwa Mwingereza aliyefika Kenya miaka ya 1920. Hatukijui kijiji chake. Nianzie wapi?

Jibu: Swali zuri sana. Anza na orodha za abiria waliotoka bandari za Uingereza kati ya 1890 na 1960, ambazo nakala zake asilia ziko Kew, London, katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka. Mtafute aliyeshukia Mombasa. Orodha za miaka hiyo hutaja umri na kazi, na mara nyingi anwani ya mwisho. Ukiwa na anwani, nenda sensa ya 1921, kisha 1911, ambako huenda ukamkuta akiwa mtoto nyumbani kwa wazazi wake.

Mama Salma: Nyongeza kwa wenzangu: tulikuta kijiji kimeandikwa kwa namna isiyopo kwenye ramani yoyote.

Jibu: Karani aliandika alichosikia. Happisburgh hutamkwa karibu na "Heizbra" na Wymondham "Windam", kwa hiyo isome sensa kwa sauti kabla ya kusema kijiji hakipo. Majina ya watu nayo yana vifupi vyake: Jno ni John, Jas ni James, Polly mara nyingi ni Mary, na herufi ff mwanzoni mwa jina ni F kubwa.

Mwana wa Tanga: Mawe ya makaburi je? Naenda Suffolk mwezi ujao, nimeambiwa nibebe brashi ya waya na chaki.

Jibu: Viache nyumbani vyote viwili, kwa sababu vinaumiza jiwe. Nenda asubuhi mapema au jioni, jua likipiga kwa upande, au beba kioo cha kurudisha mwanga ubavuni mwa maandishi, kisha piga picha. Piga pia makaburi ya jirani, kwa kuwa ndugu mara nyingi walizikwa karibu. Ukiona nafasi tupu katikati, linganisha na rejista ya maziko, kwa kuwa maskini wengi hawakuwekewa jiwe lolote.