Namna ya kuendesha ngazi ya chesi kwenye klabu ya shule

Kama klabu yenu ya chesi imefika mahali watoto wanakaa na rafiki zao walewale kila wiki, wanacheza mbili tatu alafu wanaanza kupiga stori, anzisha ngazi. Ni orodha moja tu ya majina, namba 1 juu mpaka wa mwisho chini, ukimshinda aliye juu yako unapanda, basi. Hakuna raundi wala kutolewa, mtu akiumwa wiki moja haharibu ratiba ya wengine, na ndo maana kwa shule naipenda kuliko ligi ya kila mtu na kila mtu, maana watoto 20 wakicheza ligi hiyo ni mechi 190, muhula unaisha hata nusu hamjafika.

Orodha ya kuanzia isikusumbue sana. Cheza mashindano mafupi ya raundi 5 kwa mfumo wa Uswisi, yaani kila raundi mtu anakutana na mwenye pointi sawa na zake au karibu, alafu panga kwa pointi, wanaolingana waamuliwe kwa kura ya bahati. Kuna wanaopanga kinyume, wageni juu na wakali chini, ili mechi ziwe nyingi mwanzoni, na kweli zinakuwa nyingi, ila mtoto aliyejua juzi farasi anavyotembea atashushwa kila wiki mwezi mzima na wengi wao hawarudi tena klabu, kwa hiyo mimi siishauri kabisa.

Sasa sheria yenyewe ya kuchalenji, na hapa ndo ngazi inaishi au inakufa. Ruhusu mtu kumuita aliye juu yake mpaka nafasi 3. Ukiweka nafasi 1 tu, mmoja akitoroka wote walio nyuma yake wamekwama, na ukiacha wazi kila mtu anamkimbilia namba 1, katikati panakuwa pamelala. Theluthi ya chini wape mpaka nafasi 5, wanahitaji kuona njia.

Mtu akishinda, usibadilishane tu nafasi. Namba 8 akimpiga namba 5 anachukua ya 5, wa 5 anakuwa 6, wa 6 anakuwa 7, wa 7 anakuwa 8. Ukibadilishana moja kwa moja yule wa 5 anaporomoka mpaka 8 kwa mechi moja, na watoto wakishaona adhabu ni kubwa hivyo wanaanza kuwakwepa wenzao, leo kichwa kinauma kesho ana kazi ya hesabu. Najua wa 6 na wa 7 watalalamika kwamba wameshuka bila kucheza, waambie walalamike kwenye ubao, wana haki ya kumuita mara moja yule aliyewapita. Mechi ikiisha sare, aliyechalenji anapanda mpaka chini kidogo ya mpinzani wake, namba 8 anakuwa 6. Ukisema sare haibadilishi kitu, aliye juu atakuwa anabadilishana kete harakaharaka anatafuta sare ajihifadhi, na huo mchezo haumfundishi yeyote.

Aliyeitwa acheze ndani ya siku 7, asipocheza bila sababu nafasi imeenda. Ugonjwa na mitihani ni sababu, jina linawekwa alama linasubiri. Na hii wengi wanaisahau: mtu akishaitwa na kucheza, mechi yake inayofuata ni haki yake yeye kumuita wa juu kabla hajaitwa tena, la sivyo namba 4 atakuwa anajitetea na 5, 6 na 7 kila wiki na hapandi milele. Ukishindwa pia huruhusiwi kumrudia mtu yuleyule mpaka ucheze na mwingine kwanza.

Rangi ni rahisi, mara ya kwanza ficha kete mbili kwenye ngumi, nyeupe na nyeusi, aliyeitwa achague, mkikutana tena mnabadilishana.

Muda, dakika 15 kila mmoja na nyongeza ya sekunde 10 kila hatua inatosha vizuri, mechi ya hatua 60 haizidi dakika 50 kwa wote wawili. Saa zenu hazina nyongeza? Wekeni dakika 20 kwa 20. Saa hakuna kabisa, programu ya simu inafanya kazi hiyo. Ila msije mkamaliza mechi kwa kuhesabu kete zilizobaki, mtu anaweza kuwa na malkia zaidi na bado ndiye anayeliwa mati, yaani mfalme wake anashambuliwa na hana pa kukimbilia, hatua mbili mbele, andikeni kete ziko wapi na zamu ni ya nani mmalizie siku nyingine.

Ugomvi mwingi unatoka sehemu tatu kwa hiyo zisome kwa sauti siku ya kwanza. Ukigusa kete yako unaicheza, kama ina hatua halali. Hatua isiyo halali, kwa sheria za FIDE, shirikisho la chesi la dunia, ya kwanza mpinzani anaongezewa dakika 2, ya pili umepoteza. Na mfalme asiye kwenye cheki, yaani hashambuliwi, lakini mwenyewe hana hatua yoyote halali, yeye wala kete zake, hiyo ni sare hata kama mwenzake ana malkia wawili, na itatokea sana, usimwonee huruma aliyekuwa anaongoza, hatarudia.

Matokeo yaletwe na wote wawili pamoja, kapteni asogeze majina siku hiyohiyo. Tumia vikaratasi vya majina vinavyohamishika ukutani, na pembeni ya kila jina andika idadi ya mechi alizocheza. Wa mwisho kwenye ngazi aliyecheza mechi nyingi kuliko wote anastahili kusifiwa mbele ya klabu, na mimi namsifu kabla ya namba 1.

Mwanachama mpya anaingia chini ila mpe mechi moja ya kujipima na mtu yeyote wa katikati, akishinda anakaa hapo. Namba 1 hana wa kumuita, basi awe tayari kuitwa kila wiki.

Timu ya bodi 4, yaani wachezaji wanne, ya kwenda mashindano ya nje chukua namba 1 mpaka 4, na funga chalenji wiki moja kabla ili mpangilio wa bodi usibadilike dakika za mwisho. Muhula mpya unaanza pale ulipoishia, waliomaliza shule wanatolewa na waliobaki wanasogea juu.